Chatu Wangu na Wageni Wako

Bwenini, Arua

Dada yangu Zubeda,

Asalaam aleikum. Mmeamkaje huko Koboko, na kifua cha Baba kimepata nafuu? Huku mvua inanyesha kila alasiri na tunalala na sweta. Mwili wangu ni mzima.

Jumapili Mama alikuja siku ya wazazi. Akiwa ananifungulia mihogo, nikamuuliza habari za chatu wangu, yule mdogo niliyemwokoa tulipochoma nyasi kuwinda panya. Akashangaa.

"Wewe, Zubeda hakuambia? Nyoka yako iko mgonjwa tangu wageni ya mahari. Zubeda alificha yeye kwa ghala, ndani ya ndoo."

"Siku ngapi, Mama?"

"Mbili. Na mvua ilikuwa inapiga! Unataka wakwe waone nyoka kwa nyumba ya bibi harusi? Watasema hapa iko wachawi!"

Akacheka sana. Mimi nikauweka muhogo chini.

Dada, hofu yako ya wakwe naielewa. Ungeniambia, ningemwomba shangazi anayekaa Aroi akae naye siku hizo. Lakini ulimtoa kwenye sanduku lake la joto siku moja tu baada ya kumeza panya. Nilikuandikia kwenye karatasi kabla sijaondoka: nyoka hana joto lake mwenyewe, akipoa chakula kinaoza tumboni. Mama anasema alimtapika yule panya, na sasa anapumua mdomo wazi, unatoka povu.

Kinachoniuma zaidi ni simu. Mara tatu niliazima simu ya matroni, na mara tatu ukaniambia, "Rafiki yako anakula kukushinda wewe." Nikafurahi, nikawasimulia wenzangu. Mwalimu wa baiolojia amekubali nimlete muhula ujao, na wasichana wameshamtengenezea sanduku la mbao. Kumbe nilikuwa nawadanganya bila kujua.

Nyumbani hakuna mwingine anayethubutu kumshika, kwa hiyo nakuomba wewe tena. Jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa kitenge, iweke upande mmoja tu wa sanduku, ili akizidiwa na joto asogee upande wa pili. Ibadilishe kila ikipoa. Usimlishe kwanza, usimshikeshike, maji safi yasikose. Na tafadhali mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mwalimu anasema povu hilo huenda linatoka mapafuni, joto peke yake halitamponya.

Nisalimie Baba, bibi mzaa Mama, na shemeji yangu mtarajiwa. Yeye sina neno naye.

Jumamosi saa nne asubuhi nitapiga. Usinichekeshe. Niambie kama anaweza kupumua akiwa amefunga mdomo. Na kama amekufa, sema amekufa, nilie kwa jambo la kweli.

Bado ni mdogo wako,
Hawa