Sahani Yenye Mistari

Jumanne, 4 Machi 2025

Mkutano wa lishe, uwanja wa kanisa, Kivaa. Wahudumu sita wa afya wa kijiji, wagonjwa wa sukari ishirini na mmoja. Tuliitwa saa tatu. Mtaalamu Rodgers kutoka Nairobi alifika saa sita na nusu — viatu vyeupe pe! Akafungua picha ya sahani iliyogawanywa kwa mistari: nusu mboga, robo wanga, robo protini. Kwenye mboga wamechora kitu kama mti mdogo. Mwikali, mhudumu mwenzangu, akauliza kama hiyo ni miche ya kupanda. Tulicheka. Rodgers akasema tuwe siriasi.

Hakuuliza tunakula nini.

Nilitafsiri kwa Kikamba, neno kwa neno. Nimepewa fulana na picha tano za kugawa.

Ijumaa, 7 Machi

Picha ya mwisho nimempa Mzee Ndolo, anayemeza dawa ya sukari kila asubuhi. Ameibandika juu ya kalenda ya parokia. Mtu wa nidhamu, alikuwa karani wa pamba. "Fuata kama ilivyo," nikamwambia. Maneno ya Rodgers. Nimeyabeba kama punda.

Jumatano, 12 Machi

Ujinga mtupu! Nimemkuta Loise, mke wa mwanawe Ndolo, na sufuria ya isyo iliyochemshwa pamoja, anachambua. Mahindi bakuli hili, maharagwe lile. "Mzee hataki vichanganyike. Anasema kila kitu kikae kwa robo yake." Isyo! Na kunde zimekauka shambani, kwa hivyo nusu ya sahani inabaki tupu. Anakula robo mbili, anainuka. Mshipi ametoboa tundu jipya.

Nikampigia Rodgers. Alifurahi! Huo ni mfano mzuri, akasema, nimtumie picha. Mpumbavu aliyesoma.

Nikamwambia Mzee ajaze sahani, mboga iwepo isiwepo. Akaniuliza kwa upole, "Wewe Munyiva, ulisoma kumpita huyo wa Nairobi?" Kidato cha nne, C plain.

Alhamisi, 13 Machi

Loise amenipigia saa tatu asubuhi. Mzee amemeza dawa saa moja, hajala. Mboga hakuna, na amesema hatakula tena sahani pungufu. Nimemkuta kitini, jasho, mikono inatetemeka, maneno yanateleza. Sukari imeshuka — hilo nililijua kabla ya Rodgers. Nikachukua uji, nikatia sukari vijiko vitatu.

Akaona. "Sukari! Munyiva, unataka kuniua?"

"Inakuokoa, Mzee. Kunywa."

"Nionyeshe uji kwa picha."

Nikaibandua ukutani. Nikachora kikombe kwa biro, katikati ya nusu ya mboga. Akaivuta karibu na macho.

"Rodgers amepitisha?"

"Amepitisha."

Saa tatu na dakika arobaini: mafunda mawili. Loise amekimbilia barabarani kutafuta pikipiki. Dakika arobaini na tano: funda moja. Dakika hamsini: ananitazama, hanijui. Uji umemtoka pembeni mwa mdomo. Nimeweka kikombe chini, nimemlaza ubavu.

Pikipiki haijafika.