Maneno ya Kumkamulia Yuvenka

Njombe, Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuwaza umekaa mlangoni hapo Kidete, mguu unaouma umeunyoosha juani. Umepata nafuu? Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ya kukamua kwenye shamba hili inaendelea, na baridi ya huku inapasua vidole. Nimeona niandike, maana kwenye simu tunaishia kulia wote wawili.

Baba mdogo ameniambia kwamba tangu Kaka Anselmo azikwe, ng'ombe wake Yuvenka hashushi maziwa. Anampiga teke kila anayemsogelea, na hata ndama wake mwenyewe anamfukuza. Akaniambia unaomba nikuandikie maneno ya Kilatini ambayo Kaka alikuwa akimsemesha, ili uyaseme zizini.

Mama, nimejaribu siku nne. Nakumbuka vacca ni ng'ombe jike na vitulus ni ndama. Lac ni maziwa, butyrum siagi, caseus jibini, corium ngozi. Fimus ni samadi. Hilo alinifundisha siku nilipoteleza nikaikalia. Aliyapata yote seminari, kabla kifua hakijamrudisha nyumbani. Lakini zizini aliyapanga kwa mstari mrefu, kama anayesali litania, na mwishoni alikuwa na maneno yake ya kumwambia ng'ombe. Hayo ya mwisho ndiyo siyakumbuki. Nilikuwa nashika ndama huku nikicheka. Siku moja nilimwambia, "Kaka, huyu ni ng'ombe wa Kidete, hajui Kilatini."

Akajibu bila kugeuka, "Na wewe unajua? Mbona umenyamaza kusikiliza?"

Yote yalikuwa kwenye daftari lake la jalada la bluu. Mama, sijakuambia jambo hili. Alipofia hospitali ya Mikumi, katekista alinipigia kuuliza vitu vyake viwekwe wapi. Nikamwambia daftari awekewe mikononi, azikwe nalo. Niliona ndiyo heshima, maana upadri hakuufikia na hakuacha mtoto. Sikufikiria kuwa nyie mliobaki mngelihitaji. Basi langu lilipopita Mikumi siku ya pili yake, nilikuwa bado nasema moyoni nimefanya vizuri. Nilipofika nyumbani mlikuwa mmeshamzika.

Juzi nilijaribu hapa shambani. Nilimwinamia ng'ombe mmoja mkaidi nikamsemesha yale ninayoyakumbuka, polepole, kwa namna ya Kaka. Hakutikisa hata sikio. Mwenzangu wa zamu akauliza, "Dada, unamroga?" Nikamwambia namwimbia. Ndipo nikaelewa kwamba hata ningekuwa na mstari mzima, ningekutumia karatasi tu. Yuvenka alikuwa akiisikiliza sauti, na mkono ule wa Kaka uliokuwa na joto hata asubuhi ya mvua. Vitu hivyo siwezi kuviandika.

Kwa hiyo usiingie zizini, Mama. Akikupiga teke kwenye mguu huo hutainuka tena, na mimi sitauweza msiba mwingine mwaka huu. Wale wafugaji wa Tindiga waliomuulizia Yuvenka, mwambie baba mdogo awaite. Wamchukue na ndama wake, kabla hajakauka kabisa. Wao wanajua ng'ombe, huenda wakampatia njia. Najua ndiye kiumbe wa mwisho aliyekuwa akimsubiri Kaka kila asubuhi. Najua ninakuomba nini.

Nisalimie baba mdogo, na shangazi wa kule stesheni. Katekista mwambie hana kosa, alifanya nilivyomwagiza. Mtoto wa shangazi akikusomea barua hii, asirudie pale pa daftari. Mara moja inatosha.

Na siku watakapokuja kumchukua Yuvenka, Mama, usinipigie. Nitakuwa nakamua.

Ni mimi binti yako,
Felista