Ukishuka Kwenye Treni ya Chini

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Kaloleni tu wazima, na mama yako amerudi sokoni. Mguu haumsumbui tena. Unasema treni ya chini ya ardhi imeongezewa njia hadi mtaani kwako, na usipoipanda utakuwa ukichelewa hadi upoteze kazi. Unaniuliza kama mimi niliwahi kuiogopa.

Niliiogopa sana. Nilikuwa karani kijana, ofisi imenituma mafunzoni katika jiji hilohilo unaloishi. Penye ngazi zinazojiendesha nilisimama, mkoba nimeukumbatia.

"Atieno, umeota mizizi?" akauliza Awuor, karani mwenzangu.

"Kwetu anayeshuka ardhini amekufa."

"Kondo lako la nyuma lilizikwa wapi?"

"Kijijini Sondu, nyuma ya jiko la mama, kama la kila mtoto wa kwetu."

Akacheka. "Basi kipande chako kilitangulia huko chini ulipozaliwa. Twende ukajisalimie!"

Nikashuka. Treni ilipoingia gizani nilifumba macho, nikasikia kama ziwa letu linapita juu yetu polepole, nami napelekwa nyumbani usingizini.

Kondo lako la nyuma nililizika kwa mikono yangu, Akinyi, nyuma ya jiko langu la mashambani. Mgomba umeota hapo. Kesho ukishuka, jisalimie kwa niaba yangu.

Nyanya yako,
Atieno