Mstari Wangu wa Mtama

Mjukuu wangu Upendo,

Marahaba. Huku Lulindi hatujambo. Babu yako anaokota korosho, ila mgongo unamsumbua. Umeniuliza kama Mungu anasikia, maana umeomba kazi mwaka mzima na hujapata.

Nilipokuwa msichana, mwaka mmoja mvua zilichelewa. Mama aliomba, kisha tukapanda mtama wote uliobaki kwenye udongo mkavu, kama tulivyozoea. Mimi sikuweza kungoja. Kila asubuhi nilifukua mashimo ya mstari wangu kuangalia kama umeota, halafu nikafukia. Siku moja mama akanikuta nimepiga magoti shambani.

"Unasali?"

"Hapana, mama. Naangalia mbegu."

Hakunigombeza. Alisema tu, "Tumeshamkabidhi Mungu, mwanangu. Mbona unamnyang'anya?"

Mvua ikaja. Shamba zima likaota, isipokuwa mstari wangu, maana ndege walishaokota mbegu nilizofukia vibaya. Tulipopalilia, mama aliuruka mstari ule, nami nikainamisha kichwa.

Endelea kupeleka maombi yako ya kazi, mjukuu wangu. Mimi nakuombea kila asubuhi. Nikishasema Amina, naiweka mikono yangu mgongoni, maana naijua.

Bibi yako