Maumivu Niliyokuwa Nikiyaleta Kwako

Somo yangu, Bi Mwanaidi,

Mwenyezi Mungu alinurishe kaburi lako. Juzi alfajiri nimekuota tena. Maji yamekupwa, yametoka mpaka sijui wapi, nawe unatembea mbele yangu kwenye shamba lako la mwani, umejifunga kanga mbili, hugeuki. Nakuita, sauti haitoki. Maji yaliyobaki miguuni yana uvuguvugu kama ya kumwogeshea mgonjwa. Nikaamka nimeshika tumbo, nikajua siku zangu za mwezi zimefika.

Mwezi wa saba huu tangu tukuzike hapo Mlingotini. Miaka kumi na miwili ya ndoa yangu nilikuwa na pa kwenda siku hizo. Namwambia mume wangu, "Nakwenda kumsaidia somo mwani," naye Shabani akipita anajisifu kwa watu kwamba mkewe hachoki. Kumbe mkewe kalala kwenye mkeka wako, kauma ncha ya kanga, unamkanda kiuno kwa kitambaa cha moto. Mwani wenyewe wala sikuugusa! Tulicheka kwa hilo mpaka tumbo likanikumbusha.

Ndivyo ulivyonifunda nilipovunja ungo, uliponiweka ndani siku saba. Maumivu ya mwezi ni ya mwari na somo wake, hayapelekwi kwa mama, sembuse kwa mume. "Nyamaza mwanangu, ukizaa yatakwisha." Nikanyamaza vizuri mno, nikasifiwa kwa hilo.

Baada ya arobaini yako nilikuja hivyo hivyo, miguu imezoea njia. Mlango una kufuli. Nikalala barazani, kuku wa jirani wananizunguka, mpaka dada yako Bi Tatu akanikuta. Alikaa, akakiweka kichwa changu mapajani mwake, akasema, "Na yeye alikuwa hivi hivi. Mpaka mvi zinamtoka, alikuwa akijiviringisha hapa hapa."

Wewe, somo! Wewe ambaye hukujaaliwa kuzaa! Nilikukasirikia, wiki mbili sikukuombea dua. Nisamehe. Kisha nikawaza kwamba nawe ulikuwa na somo wako, naye alikwambia unyamaze.

Bi Tatu ndiye aliyenisukuma hospitali, huko Dar. Daktari, mama mmoja mpole, akanipima kwa ultrasaundi, akataja jina refu, endometriosisi. Akanieleza: nyama inayofanana na ya ndani ya mji wa mimba imeota nje yake, kila mwezi inavuja damu isiyo na pa kutokea. Imeshafanya uvimbe kwenye kifuko cha mayai cha kushoto. Anaweza kuutoa kwa matundu madogo, maumivu yakapungua, pengine hata mimba ikashika. Ila akikata, anaweza kuondoka na baadhi ya mayai, nami nina miaka thelathini na tano. Ama nisubiri, nitafute mtoto kwanza uvimbe ukiwamo. "Sina jibu moja la kukupa, dada yangu. Kafikirini, urudi na mumeo."

Na mumeo! Wiki tatu nikawaza peke yangu. Nafua, nawaza. Mara najiona nimebeba mtoto mwenye macho ya Shabani, namfunika jua lisimpige, nikitazama tena nimeshika shuka linalochuruzika maji. Nikakumbuka ulivyokuwa ukivuna mwani: hukumaliza wote, ulibakisha kipande kwenye kamba kiote tena. Nilimpigia daktari kumuuliza kama naye atabakisha. Akasema atajitahidi, lakini hawezi kuniapia. Nilimpenda kwa kutoniapia.

Mama mkwe, aliyedokezwa na Bi Tatu habari ya uvimbe tu na hajamwambia mwanawe, anasema nisiguse kisu mpaka nizae. Nusu yangu inamwitikia. Namtaka mtoto, somo, namtaka mpaka naona haya.

Asubuhi ile baada ya ndoto, Shabani alinikuta jikoni, mimi sakafuni, uji unaungua. Sikusingizia kitu. Nilimwambia yote, na mkeka wako, na mwani ambao sikuwahi kuufunga kwenye kamba hata siku moja. Akakaa chini pale pale. Akageuza uso asinitazame, nikajua uongo wa miaka kumi na miwili umemchoma. Kisha akasema, "Zuhura, mimi kila siku namwomba Mungu mtoto. Kumbe mke niliyenaye anaumia, sijamwombea hata dua moja."

Nililia, somo. Hapo ndipo nilipojua ninachokitaka. Jana tulikwenda wote, nikatia sahihi. Wiki ijayo napasuliwa. Mtoto akija, nitamshukuru Mungu. Asipokuja, nitalia. Ila sipasuliwi kwa ajili yake. Napasuliwa kwa sababu naumwa.

Lala salama, mama yangu wa pili. Huna deni kwangu, ulinipa ulichopewa. Rukia, binti wa kaka yangu, amevunja ungo mwezi huu, na wameniomba niwe somo wake. Nimekubali. Nakuahidi nitamfunda yote uliyonifunda, usafi wake, adabu zake, na kucheka. Lakini akiumwa nitamshika mkono, tutakwenda kumwambia mama yake. Na jina lako nitamtajia, nimwambie kwamba uliumwa.

Mwari wako,
Zuhura