Macho ya Séverin

Jumatatu, 3 Juni 2024
Sista Simone alirudi na kazi hii kutoka Japani, sasa anatufundisha parokiani. Unachana karatasi za rangi kwa vidole, bila mkasi, unabandika vipande mpaka picha itokee. Gundi yangu ni uji wa muhogo. Raha gani hii! Karatasi inachanika polepole, ukingo unabaki na nyuzi nyeupe — na moyo unatua. Tangu mume wangu Séverin alipokwenda Bengamisa mwezi wa pili kununua mahindi, asirudi, hakuna kingine kinachonituliza. Pikipiki ilionekana kando ya barabara. Yeye, hapana.

Jumatano, 5 Juni
Nilitaka kutengeneza maporomoko na mitego ya samaki. Umetoka uso! Wa Séverin. Karatasi imechanika yenyewe juu ya nyusi, palepale kwenye kovu lake. Nimeogopa. Nimeendelea. Nilipoinuka kukoroga uji nikasikia mluzi wake uani, ule wa kila jioni kabla hajaingia. Nimefungua mlango. Kuku tu.

Alhamisi, 6 Juni
Berthe, dada yake, amepita. Kauona uso mezani, akauinamia. "Bokilo, wifi yangu, iko yeye kabisa! Macho iko wapi?" Nikasema bado. Kumbe ukoo umekata shauri: Jumamosi matanga, mwili uwepo usiwepo. Walikosa picha tu — zote zilikuwa kwenye simu aliyokwenda nayo. "Bon, umalize. Tutamuweka kwenye kiti, batu balie."
Yaani mikono yangu ndiyo imewapa maiti! Nina hasira na Berthe. Nina hasira na gundi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimebandika jicho la kushoto. Linatazama mlango. Nimegeuza meza, bado naona linatazama mlango. Na vidole vimetulia vilevile. Aibu gani, kufurahia kazi hii!

Jumamosi, 8 Juni
Turubai limefungwa uani. Viti. Wanawake wameanza kuimba. Jicho la kulia nimelichana vizuri kuliko vyote, jeusi, na uji nimeshalipaka. Nikilibandika, Séverin ni marehemu.
Berthe anagonga. Foto, foto, katekista amefika! Mluzi tena, nyuma ya nyimbo. Hakuna aliyenyamaza kuusikiliza.
Nimeliweka jicho chini ya ulimi. Linalainika, lina ladha ya muhogo. Berthe anasukuma mlango, anauliza mbona simjibu. Nikifungua mdomo ataliona.