Injini ya Kulia, Kaveke!

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimefika nyumbani Kathonzweni. Masomo ya darasani yamekwisha, nimepita. Jumatatu tarehe 11 naingia simuleta Nairobi — chumba kama kontena, ndani ni ndege kamili, lakini hakiruki popote. Nikianguka hapo, kazi ya urubani imeisha kabla haijaanza.

Shida yangu ni moja. Wakisema injini ya kulia inawaka moto, mdomo unasema kulia, mkono unaenda kushoto! Kapteni Kisilu, mwalimu wetu, alisema atakayezima injini nzima na kuacha ile mbovu, atamsindikiza mwenyewe hadi geti.

Nimebandika picha ya chumba cha rubani kwa ukuta wa stoo, juu ya magunia ya ndengu. Viti viwili vya plastiki mbele. Baba ameiangalia sana. "Sasa usukani ni huu wa karatasi?"

Mama naye: kiti cha pili ni cha nani? Cha Rashid, tunafunzwa pamoja, anakuja Jumanne. Rashid wa wapi? Wa Mwingi. Ni wa dini gani?

Mama, ni rubani!

"Rubani si dini," akasema.

Jumanne, 5 Agosti

Rashid amekuja na boda kutoka mji wa Wote, amekumbatia chupa ya asali kama mtoto. Mama amelainika kidogo. Baba amemhoji: nani atakuwa akiendesha, yeye ama mimi? Rashid: "Tunapokezana, mzee. Mmoja akishika, mwingine anamchunga." Baba ameipenda hiyo "anamchunga". Ameirudia mezani mpaka chakula kikapoa.

Tumefanya mazoezi hadi sauti zikakauka. Nimezima injini nzima tena na tena. Kila nikikosea, Rashid anatangaza waliokufa: "Sisi wawili, na kwaya nzima iliyokuwa inaenda harusini." Mjinga!

Alhamisi, 7 Agosti

Aibu!

Rashid alisema nipige kelele, labda mkono utasikia. Nikapiga. "Moto! Moto! Injini ya kulia!" Mlango wa stoo ukafunguka kwa teke. Mama Muindi, jirani, na jerikeni ya maji. Nyuma yake wanaume wawili na karai ya mchanga. Hakuuliza kitu. Alimwaga. Rashid mzima, ukuta mzima. Karatasi ikateremka polepole ikalala kwa ndengu.

"Moto uko wapi?"

Nikaonyesha ukutani. "Ulikuwa hapo. Wa mazoezi."

Aliniangalia vile mtu anaangalia mbuzi aliyekula leso. Na maji ya Agosti huku ni shida, watu wanapanga foleni tangu asubuhi! Rashid amebeba jerikeni hadi kioski cha maji kumjazia, amevaa suruali ya baba ya kanisani, inaishia chini kidogo ya magoti. Soko lote limemwona.

Nimelia kidogo nyuma ya choo. Picha ilikuwa moja tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Baba amechora ndege ukutani na makaa, mimi nikimwelekeza. Vishikio vyake vya kuzimia injini ni vikubwa kama sufuria. Inatosha!

Rashid ameenda msikitini Wote, kwa hivyo mama ameketi kwa kiti cha kapteni, leso kiunoni. Nikamweleza: nikishika kishikio, usiniruhusu kuvuta mpaka uangalie, kisha useme "ni hicho".

"Moto, injini ya kulia."

"Ishindwe!"

"Mama, sema 'ni hicho'."

"Siwezi kukubaliana na moto, Kaveke. Ishindwe kabisa!"

Tumecheka mpaka baba akaja kuuliza nani ameumia. Lakini — nikimngoja mama, mkono unakaa tu pale, na macho yanapata nafasi ya kuona ni upande gani. Kumbe shida yangu ilikuwa haraka! Jioni na Rashid: kulia, kulia, kushoto, kulia. Zote sawa. Hakuna aliyekufa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nairobi. Naandika nikiwa kwa ngazi, nje ya simuleta. Mapumziko ya chai.

Tulipaa kutoka Mombasa, mvua inanyesha. (Kapteni anabonyeza tu, mvua inakuja! Angetembelea kwetu Makueni huyu.) Hata magurudumu hayajaingia vizuri — kengele. Moto. Kulia. Nikashika kishikio. Nikangoja. Rashid akakikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha: "Ni hicho." Nikavuta. Na ndege ikaendelea kuruka!

Kapteni Kisilu hakusema vizuri wala vibaya. Ameandika kitu. "Nimewasimamisha hapo hewani na injini moja. Mkirudi, mtue. Kutua ndio kazi."

Sasa simu. Baba. Yuko sokoni, kelele nyuma yake. Anauliza: kuna ndege nyeupe inapita juu, ni mimi?

Baba, si nilikueleza hii yetu hairuki?

Ndio, ndio. Lakini ni wewe? Watu wametoka madukani, wanapunga mikono, hata wa bucha na kisu chake.

Nikaona Rashid mlangoni akiniita kwa kichwa.

"Ni mimi, baba. Wapungieni."

"Ah! Umetuona?"

Simu bado iko sikioni, kalamu mkononi, baba anangoja jibu — na Kapteni anaita jina langu.